Mama mkwe asema ugonjwa wa mwanangu umetoka kwetu, na nisiutaje popote

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Nakuandikia kutoka Kaloleni, hapa Kisumu. Nimeolewa miaka kumi na moja sasa na tumejaliwa watoto wawili. Mvulana yuko Gredi ya Nne, msichana yuko PP2, na nina mimba ya miezi saba.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, mwanangu alianza kulalamika kwamba akienda haja ndogo anasikia moto. Baba yake alikuwa kazini Busia, nami foleni ya hospitali niliiogopa, basi nikampeleka kwenye duka moja la dawa. Tukapewa vidonge vya manjano, tukaambiwa ni vya njia ya mkojo. Siku ya pili mkojo ukageuka rangi, mweusi kama strungi. Nikarudi dukani. Yule kijana akaniambia nisitie shaka, hiyo dawa ndiyo tabia yake kubadilisha rangi ya mkojo, mtoto amalize dozi. Siku ya tatu macho yalikuwa manjano, viganja vyeupe, na kutoka kitandani hadi mlangoni anahema kama mzee. Tulipofika hospitalini damu ilikuwa imebaki tano. Akaongezewa.

Wakampima malaria, hakuna. Wakampima selimundu, hana. Daktari akasema anashuku kitu kinaitwa G6PD, akapima, majibu yakaja kwamba kiwango ni cha kawaida. Lakini hakuridhika, akatuambia turudi baada ya miezi mitatu. Tuliporudi majibu yakageuka: kiwango kiko chini sana. Mama mkwe alikuwepo. Akauliza, leo mnasema hivi, jana mlisema vile, tuamini lipi? Kisha akauliza mtoto ameutoa wapi ugonjwa huo. Daktari akajibu bila kuzunguka kwamba mtoto wa kiume huupata kwa mama yake.

Bi Mshauri, tangu siku hiyo sina raha. Majibu ya hospitali kwake ni ya kubahatisha, lakini hilo moja la "kwa mama yake" analiamini kama aya. Amekumbuka kwamba kaka yangu utotoni alikuwa akigeuka macho manjano kila akiugua, na sasa ni "damu mbaya ya kina fulani". Amepiga marufuku maharagwe ya kila aina nyumbani, na mtoto anapenda maharagwe kuliko nyama. Amenikataza kumwambia mwalimu wa shule wala ustadhi wa madrasa, ati tutaaibika na msichana wetu hataposwa. Wiki iliyopita ameniletea sanduku la nguo za mtoto mchanga walizovaa wajukuu zake, limejaa naftalini mpaka chumba kizima kinanuka. Nikisema harufu inanikera, naambiwa nina kiburi.

Na juu ya hayo ameanza kumwambia mume wangu kuwa mwanamume anayetaka wana wazima hutafuta kwingine. Mume wangu hajibu. Anainamia simu yake.

Je, ni kweli mimi ndiye niliyemletea mwanangu ugonjwa? Ataishi? Na huyu wa tumboni nifanyeje?

Mama Wawili, Kisumu

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Wawili.

Daktari alisema kweli, na sitakufariji kwa uongo. Jeni ya G6PD imo kwenye kromosomu ya X. Mvulana ana X moja tu, na hiyo anaitoa kwa mama. Baba humpa Y. Kwa hiyo hata ukoo mzima wa mumeo ungekuwa na upungufu huu, mumeo asingeweza kumpa mwanawe wa kiume. Umepitia kwako, na habari ya kaka yako inanifanya nishuku kwamba kwako ulipitia kwa mama yako.

Ila mama mkwe akishaanza hesabu hiyo, aimalize, asisimame pale panapompendeza. Wewe una X mbili. Moja nzima, moja yenye kasoro, na hukuchagua ipi impate nani. Kila mvulana utakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Kila msichana vilevile nusu kwa nusu ya kuwa kama wewe, mbebaji. Baba mwenye upungufu, kwa upande wake, huwapa mabinti zake wote bila kubakisha hata mmoja. Sasa mwambie atafute mke mwenza aliyetoka Siaya, Busia, Mumias au Mombasa, halafu aape kwamba huyo hakuja nayo. Hawezi. Watu wenye upungufu huu wanakadiriwa kupita milioni 400 duniani, na wamejaa zaidi pale malaria ilipokita mizizi kwa vizazi, kama huku kwetu ziwani.

Hilo la malaria si bahati nasibu. Mwaka 1969, Lucio Luzzatto na wenzake kule Ibadan, Nigeria, walichunguza damu ya wanawake wa aina yako, wabebaji, ambao mishipani mwao huchanganyika chembe za damu zilizo nzima na zile zenye upungufu. Wanawake hao walikuwa na malaria, na vimelea vilionekana kwa wingi ndani ya chembe nzima huku zile pungufu zikiwa navyo vichache. Bibi wa bibi yako huenda aliponea hapo. Usimtoe mtoto kwenye neti kwa sababu hiyo, kinga yenyewe ni ya nusunusu na malaria bado inaweza kumuua. Lakini anayeita damu hiyo mbaya angekumbuka ni watu wangapi waliobaki hai kwa ajili yake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana naona mmeelezwa jina tu. G6PD ni kimeng'enya, na jina lake refu ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojenasi. Kazi yake ni kuanzisha njia ya pembeni ya kuchoma sukari, ambayo humpatia mwili kitu kinachoitwa NADPH. Hicho ndicho kinachoiwezesha chembe kuzima sumu za oksijeni kabla hazijailemaza. Viungo vingine vina njia nyingine za kujipatia NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina. Haina mitokondria, haina kiini, na inabeba oksijeni mchana na usiku. Kimeng'enya kikiwa kidogo, chembe huishi vizuri tu siku za kawaida. Ikiingia dawa fulani au homa kali, sumu huzidi uwezo, himoglobini huharibika, chembe hupasuka, na uchafu wake hutoka na mkojo. Ule weusi ulioona ulikuwa damu iliyovunjika.

Na hapa nataka uelewe kwa nini yule wa dukani alikosea huku akisema jambo la kweli. Vidonge vya manjano vya njia ya mkojo, kwa maelezo yako, nadhani vilikuwa nitrofurantoini. Dawa hiyo kweli hugeuza mkojo kuwa wa kahawia, kwa kila mtu, na haidhuru. Pia imo miongoni mwa dawa zinazovunja damu ya wenye upungufu wa G6PD. Rangi ya kawaida ya dawa ikaificha ile ya hatari. Mkojo ukibadilika peke yake, waweza kuuliza kwanza. Ukibadilika pamoja na macho manjano, weupe wa viganja, maumivu ya mgongo au kuhema, dawa inaachwa saa hiyo na mtoto anapelekwa hospitali, si dukani.

Majibu mawili yaliyogongana ndiyo yaliyompa mama mkwe silaha, na inasikitisha kwamba hakuna aliyemweleza, kwa sababu yanaelezeka vizuri sana. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na aina ya upungufu iliyoenea zaidi Afrika, inayoitwa A-, ina tabia moja: chembe changa huwa na kimeng'enya cha kutosha, kisha kinapungua kadiri zinavyozeeka. Dawa inapoingia, zinazopasuka ni zile kuukuu. Siku mlipofika hospitalini, chembe pungufu zilikuwa zimeshakwenda na mkojo, waliobaki ni vijana, na juu yake mtoto alikuwa ameongezewa damu ya mtu mwingine mzima. Ungepima nini hapo zaidi ya nguvu? Daktari wako alijua, ndiyo maana hakuridhika na akawaambia mrudi baada ya miezi mitatu, damu yake mwenyewe ikiwa imeshajaa tena na kuzeeka. Jibu la pili ndilo la kushika. La kwanza halikuwa uzembe, lilipimwa wakati usiofaa.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa wanaijaribu primakwini, dawa ya malaria, kwa wafungwa wa gereza la Stateville kule Illinois. (Hiyo habari ya kujaribia dawa kwa wafungwa ni ya siku nyingine, na si nzuri.) Waliona damu ya baadhi yao ikipasuka siku za mwanzo, kisha inapona yenyewe huku dawa ikiendelea, kwa sababu chembe changa zilikuwa zinahimili. Mwaka 1956 ndipo upungufu wa G6PD ulipotajwa kuwa chanzo. Usije ukachukua hilo kama ruhusa ya kuendelea na dozi. Wale walikuwa chini ya uangalizi wa kila siku, na mwanao alifika kwenye tano.

Ataishi? Ataishi, asome, aoe, acheze mpira mpaka umchoke. Upungufu wa namna hii hautibiwi na hauhitaji kutibiwa. Unahitaji kutajwa. Ndiyo sababu, katika yote aliyokufanyia mama mkwe, lile la kukukataza kusema ndilo linaloweza kumwua mjukuu wake. Hayo mengine ni maudhi.

Chukua cheti cha maabara, mwombe daktari akuandikie kadi: jina la mtoto, upungufu wa G6PD, na dawa za kuepuka. Moja ikae kwenye begi la shule, moja kwa mwalimu wa darasa, moja kwa ustadhi, nakala kwenye simu yako na ya baba yake. Mfundishe mtoto mwenyewe kuitamka, "ji siksi pi di", maana kuna siku ataugua akiwa kwa jirani. Kila kaunta ya dawa, kabla ya kutoa pesa, ulitaje. Dawa za kuogopwa hasa ni dapsoni, primakwini na tafenokwini kwa dozi za matibabu kamili, nitrofurantoini, na ile buluu ya methilini inayotumika hospitalini. Dapsoni ilikuwemo ndani ya dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyoondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kuonekana inawavunjia damu wenye hali kama ya mwanao. AL tunayopewa kwa malaria haina shida kwake. Parasetamoli kwa kipimo chake haina shida. Amoksilini haina shida. Nyingine zote, mwenye kuandika dawa akishaiona kadi ataamua. Homa na maambukizi peke yake pia huweza kuvunja damu, hata bila dawa yoyote, hivyo mtoto akiugua mwangalie macho na umwambie akojoe kwenye chombo cheupe.

Maharagwe? Mpikie. Kinachokatazwa ni yale maharagwe mapana ambayo Waarabu na Wamisri huyapika wakayaita ful, nawe hapo Kaloleni huenda umeshayaona yakiandaliwa alfajiri ya Ramadhani. Hayo ayaache kabisa. Maharagwe yetu ya kawaida, kunde, ndengu, mbaazi, njahi, ale ashibe.

Nimekuja kwenye sanduku, na hapa nitapandisha sauti. Naftalini ni miongoni mwa vitu vinavyovunja damu ya mtoto mwenye upungufu huu, na haimlazimu aile. Anaivuta kwa pumzi na inapenya kwenye ngozi yake laini, hasa ikiwa amepakwa mafuta. Watoto wachanga wamewahi kufika wodini wakiwa manjano kama mihogo ya nazi yenye bizari kwa kuvishwa nguo na kufunikwa mablanketi yaliyotoka kwenye masanduku kama hilo. Litoe chumbani leo. Hata wewe mwenyewe usilale nalo. Kama hamna uwezo wa kununua nyingine, zifuliwe zaidi ya mara moja na zianikwe juani siku nyingi mpaka harufu iishe kabisa, na ikibaki hata kidogo, mtoto asivishwe. Mie ningeomba za jirani. Hina nayo, mtoto mchanga asipakwe hata kidole kimoja, awe msichana au mvulana, haidhuru ni arobaini ya nani.

Kliniki, waambie mapema, na iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto kwa maandishi makubwa. Wewe kama mbebaji una chembe za aina mbili, na wabebaji wengine hupata shida kama za wanaume, kwa hiyo taja hali yako unapopewa dawa yoyote. Ukiungua na mkojo katika mwezi wa mwisho, usikubali nitrofurantoini. Huepukwa karibu na kujifungua hata kwa wanawake wasio na historia hii, kwa ajili ya damu ya mtoto. Dawa nyingine za kliniki usiziache kwa sababu ya barua yangu, uliza tu.

Ukijifungua, omba mtoto apimwe G6PD. Damu ya kitovu inafaa. Si kila zahanati ina kipimo hicho, kwa hiyo ulizia sasa, ungali na miezi miwili, kwenye hospitali kubwa au maabara kubwa za mjini. Pale Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ni pa kuanzia kuuliza. Usikubali kuruhusiwa nyumbani na kusahauliwa. Manjano ya watoto wachanga kwa kawaida hupanda siku ya tatu mpaka ya tano, wakati ambapo mama wengi wameshafika nyumbani na chumba kimefungwa mapazia. Mtoe dirishani mchana, bonyeza ngozi ya pua na kifua kwa kidole, uangalie rangi inayobaki, na uangalie fizi na weupe wa macho. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Manjano yaliyofika miguuni, au mtoto aliyelegea, asiyetaka kunyonya, ni dharura. Utaambiwa umwanike juani asubuhi. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi na ushauri huo nimeuchoka: jua la asubuhi halimtibu mtoto ambaye bilirubini, ile rangi ya manjano itokayo kwenye damu iliyovunjika, imepanda sana, linakupotezea saa. Anahitaji taa maalumu za hospitali, na wengine huhitaji kubadilishwa damu. Bilirubini ikishaingia kwenye ubongo humwacha mtoto kiziwi au na viungo visivyomtii, na hapo hakuna kurudi nyuma. Mtoto anayewahi taa hupona akaenda zake.

Msichana wako naye apimwe, bila haraka. Kipimo cha kawaida cha haraka huweza kumkosa msichana mbebaji, kwa hiyo omba kile kinachotoa kiwango kwa tarakimu. Ama kuhusu kuposwa, atakayemposa mwambie ukweli naye apime wake. Kwa idadi ya wenye hali hii huku kwetu, huenda mkakuta mnalingana.

Mumeo. Huyu ndiye niliyemkasirikia nikisoma barua yako, kuliko mamake. Mama mkwe ni mtu mzima aliyetishika kwa mjukuu wake na akasikia nusu ya maelezo mbele ya watu. Mume anayeinamia simu mkewe anapotukanwa hana udhuru huo. Usibishane na mama mkwe wewe. Ukimjibu, hata ukiwa na haki, utakuwa mkaza mwana asiye na adabu. Mchukue mumeo mwende kwa daktari yuleyule, wawili tu. Amwulize mwenyewe kwa nini majibu yalitofautiana na kwa nini X haitoki kwa baba. Halafu yeye ndiye akae na mamake, faraghani, si mbele ya mashemeji, amweleze mambo mawili: kwamba mke hafukuzwi wala haongezewi mwenzake kwa jeni, na kwamba siri hii ikiendelea mjukuu atapewa tena dawa ileile na mtu asiyejua. Bibi anayeogopa kumpoteza mjukuu hulisikia hilo la pili upesi. Nadhani hata kadi ya shule atakwenda kuipeleka yeye.

Akikataa mumeo kwenda, nenda kwa mtu anayemheshimu katika familia yao, ami yake au imamu, na ubebe karatasi za maabara mkononi.

Bado kuna mmoja hukuuliza habari zake. Kaka yako amekua bila kupimwa, na kila akiugua anameza asichokijua. Na kama una dada, nao wana nusu ya nafasi ya kuwa kama wewe, na wavulana wao wako shuleni wakinunuliwa dawa madukani kama alivyonunuliwa wako. Wapigie simu wiki hii, uwape jina la hali hiyo lilivyoandikwa kwenye karatasi ya maabara, na uwatumie picha ya kadi.